Wini, Umesimama Tena

Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa unapita katikati ya soko la Sumbawanga ukivuta maturubai, na watu walitembea wamekunja mikono kifuani. Mbele ya duka la nyuzi foleni ilikuwa ndefu. Winifrida alisimama katikati ya foleni hiyo, amevaa sweta jekundu alilolifuma mwenyewe na kitenge cha kijani. Macho yake yalikuwa kwenye simu.

"Nimekufa tena," alisema kwa sauti bila kujijua.

Kijana aliyekuwa nyuma yake alishtuka. "Pole, dada. Umekufia wapi?"

Masikio ya Winifrida yakawa ya moto. Akaificha simu ndani ya kitenge.

"Usifiche, nimeshaona. Si lile gemu la kisiwani? Hata mimi nacheza."

"Mimi ndiyo kwanza naanza. Sijashinda hata mara moja."

"Unacheza na nani?"

"Peke yangu."

"Ndiyo maana. Lile linachezwa wawili wawili. Mmoja akianguka, mwenzake anamwinua." Kijana akatabasamu. Alikuwa amevaa koti zito, na vumbi la mahindi lilikuwa limeganda kwenye nyusi zake. "Naitwa Teodori. Nanunua mahindi Laela. Nimefuata uzi wa kushonea magunia, lakini naona nimepata na mtu wa kumwinua."

"Kwanza ziinue nyusi zako, zimelemewa na unga," Winifrida alijibu. Yeye mwenyewe alishangaa maneno hayo yametoka wapi, kwa sababu hakuzoea kujibizana na wanaume.

Waliachana wakiwa wamepeana namba.

Tangu siku hiyo, kila jioni Teodori alipomaliza kupima magunia, alipiga simu. "Wini, upo? Shuka kisiwani, mwenzio nimefika." Winifrida alikuwa barazani kwa mama mdogo wake, Dominika, anafuma masweta ya shule kwa mashine. Alisimamisha mashine, akachukua simu. Katika gemu hilo watu mia hushuka kisiwani na kutafutana kwa bunduki, na wawili wanaobaki mwisho ndio washindi. Anayeshinda anapewa pointi, anayeshindwa anakatwa. Teodori alikuwa amepanda mpaka daraja la Dhahabu. Winifrida alikuwa chini kabisa.

"Jifiche nyuma yangu, mpenzi."

"Nani mpenzi?"

"Wewe. Kwani kuna mwingine hapo?"

"Kuna mwenye bunduki juu ya paa."

"Yuko wapi? Aah! Wini, ungesema mapema!"

Walicheka. Kushindwa kwa siku za kwanza kulikuwa kutamu. Lakini wakashindwa juma zima, na juma lililofuata, na kicheko kikaanza kupungua.

Winifrida alikuwa na tatizo ambalo Teodori hakulijua. Baraza ya mama mdogo ilikuwa kwenye njia inayotoka kanisani, na jioni ndiyo saa ya wazee kurudi kutoka kwenye sala. Mzee akipita, Winifrida aliiweka simu juu ya nyuzi, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, akasalimia kwa Kifipa. Na salamu ya wazee haiishi haraka. Wanaulizana habari za nyumbani, za mashamba, za kifua cha mjomba. Alipoichukua simu tena, alikuwa ameshapigwa, na Teodori naye amepigwa akijaribu kumwinua.

"Wini, umesimama tena! Kwa nini unasimama hivyo? Unanisikia?"

"Samahani."

"Samahani kila siku. Ulikuwa unafanya nini?"

Angeanzaje kueleza? Shule aliiacha darasa la tano, na aliona akisema amekufa kwa sababu alikuwa amepiga magoti, Teodori atamwona mshamba. Akasema tena samahani.

Dhahabu ya Teodori ikaanguka ikawa Fedha, Fedha ikawa Shaba. Siku moja walikuwa wamepigwa mara nne mfululizo. Victor, anayefanya kazi na Teodori kwenye ghala, alikuwa amekaa pembeni yake, na simu ilikuwa bado hewani.

"Mshikaji," Victor alisema, "huyo demu wako umembeba kama gunia la mawe."

Teodori akacheka.

Kilikuwa kicheko kifupi cha mtu aliyechoka, lakini Winifrida alikisikia chote. Akakata simu. Jioni iliyofuata simu iliita mpaka ikanyamaza, na zilizofuata vilevile. Teodori alituma, "Wini wangu, nimekosa nini?" Alisoma, hakujibu. Alirudi kucheza peke yake, akawa anapigwa mara tu miguu inapogusa kisiwa. Alipigwa, akaanza upya, akapigwa.

"Unatafuta nini humo?" Dominika alimuuliza.

"Nataka nishinde mara moja tu, mama. Halafu nitaacha."

"Uzi ukijifunga kwenye mashine, wewe huwa unavuta?"

"Hapana. Nikivuta unakaza."

"Unafanyaje?"

"Naacha kwanza. Nakunywa chai."

"Haya, chai ipo," Dominika alisema, akarudi ndani.

Kule Laela, Teodori naye alikuwa anauvuta uzi wake. Alimchukua Victor awe mwenzake, akiamini sasa atapanda. Walipigwa. Akasema mara ya mwisho, wakapigwa, akasema ya mwisho kabisa. Victor ndiye aliyemwambia, "Kaka, kumbe jiwe si yule dada. Wewe unacheza na hasira, unakimbilia risasi." Teodori aliitazama Shaba yake. Akaona hata ikirudi Dhahabu, hana wa kumwambia.

Jumamosi alipanda lori la mahindi, akashuka Sumbawanga jioni, kanyoa, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alimkuta Winifrida barazani, kikombe cha chai pembeni, simu mkononi, mechi inaendelea.

"Wini."

Alishtuka, lakini hakuinua macho. "Umekuja kumwona gunia?"

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilicheka. Sikupaswa kucheka."

"Ulicheka kwa sababu ni kweli."

"Si kweli. Nimecheza na Victor, tumepigwa kuliko tulivyopigwa mimi na wewe."

"Basi nenda mkapigwe vizuri." Sauti yake ilikuwa imechoka. "Mimi nimechoka, Teo. Kila ninachoanza nashindwa. Nilishindwa shule, nashindwa hata mchezo wa simu. Sitaki nishindwe na wewe pia. Bora tuache mapema."

"Hapana, niambie kitu kimoja. Kwa nini ulikuwa unasimama? Kama kuna mtu mwingine, niambie tu, nitarudi Lae—"

Hakumaliza. Winifrida alikuwa ameshaweka simu juu ya nyuzi na kupiga magoti kwenye saruji. Bibi mmoja alikuwa amefika barazani, rozari mkononi, anatembea polepole. Winifrida alipiga makofi, akasalimia, akaulizwa, akajibu. Kwenye nyuzi, simu ililia kwa milio ya bunduki, kisha ikanyamaza.

Teodori aliitazama simu ile. Akamtazama msichana aliyepiga magoti bila haraka, kana kwamba hakuna risasi popote duniani.

"Ndiyo hii?" alinong'ona. "Wini, ndiyo hii siku zote?"

Salamu ilikuwa bado haijaisha. Teodori akachuchumaa pembeni yake na shati lake jeupe, akapiga makofi kama alivyofundishwa kwao Msanzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bibi alimwangalia kutoka viatu mpaka nywele, kisha akamgeukia Winifrida. "Na huyu ni nani?"

Winifrida alitazama chini. Angeweza kusema mteja. Angeweza kusema ndugu. Teodori alisubiri, mikono yake bado imeshikana, na kwa mara ya kwanza hakumharakisha.

"Ni mchumba wangu, bibi," Winifrida alisema. "Amekuja kumwona mama mdogo."

Teodori alimgeukia, mdomo wazi. Bibi akaingiza rozari mfukoni, akavuta stuli, akaketi.

"Basi mwiteni Dominika," alisema. "Nami nisikie."