Kompyuta Iliyokufa na Hati ya Shamba

Asubuhi Donatille aliwasha makaa kwenye mbabula, akaweka sufuria ya uji. Mume wake, Florent, alikaa mlangoni akikata nyaya za kompyuta kwa kisu. Mtoto wao Charline alikuwa bado amelala. Kompyuta yenyewe ilikuwa kwenye kona, nusu ya chumba ni yake.

Ilikuwa ya Landry, mdogo wake Florent. Huko Masisi Landry alikuwa na kibanda cha kuandika barua na kupiga picha hati za watu. Vita vilipokaribia, alipiga picha hati ya shamba la Florent, akaihifadhi ndani ya kompyuta. Kisha kila mtu akakimbia. Florent alibeba kioo cha kompyuta, ambacho wao huita écran, begani; Donatille akabeba sanduku la chuma la kompyuta hiyo kichwani, mpaka Goma, mtaa wa Mabanga. Landry alivuka mpaka, na simu yake haipatikani. Hati yenyewe iliungua pamoja na nyumba.

Wiki iliyopita umeme ulipanda ghafla. Kompyuta ilitoa moshi, ikazima. Tangu siku hiyo Florent hakupata usingizi. Siku ya kurudi Masisi, atamwonyesha nini mtu atakayemkuta analima shamba lake?

"Damien atapita leo kununua vyuma," Florent alisema. "Nitamuuzishia iyi sanduku. Écran tutabakia nayo. Karatasi yetu iko mule."

"Unajua aje kama iko mule?"

"Mama Charline, si tulikuwa tunaionea mule?"

Florent akatupa nyaya kwenye makaa, plastiki iungue ibaki shaba. Moshi mweusi ukajaa chumbani na kuingia kwenye uji. Charline akaamka akikohoa. Donatille alikasirika kweli. Alimwaga uji, akamfunga mtoto mgongoni, akapakata kioo juu ya pikipiki mpaka mtaa wa Ndosho, kwa Alliance, fundi wa kompyuta.

"Mama, nitengenezee iyi écran," alisema. "Karatasi ya shamba yetu iko ndani."

Alliance alikitazama kioo, akamtazama Donatille.

"Écran inaonyesha tu, mama. Haichungake kintu. Karatasi iko mu sanduku. Sanduku iko wapi?"

"Papa Charline anaiuzisha."

"Lini?"

"Leo."

Alliance alichukua bisibisi, akaita pikipiki.

Kule Mabanga walimkuta Damien mlangoni, amekwisha kulifunga sanduku kwenye chukudu yake, gari la mbao la kusukuma.

"Nilishanunua," Damien alisema.

"Vyuma utabakia nabyo," Alliance alimjibu. "Tunatosha kintu kimoja tu."

Alifungua skrubu nne, akatoa kitu kidogo kama kitabu cha sala.

"Iyi ni diski. Byote mulibyoweka biko mu iyi. Mutu asiuzishe sanduku mbele ya kuitosha."

"Lakini ordinateur yote ilitoa moshi, ilikufa," Florent alisema kwa sauti ndogo.

"Sanduku inaweza kufa na diski ikabaki muzima. Pengine nayo ilikufa. Tutaona."

Alliance aliona pia nyaya nyeusi kwenye mbabula.

"Papa, usichome tena izi. Moshi yake ni sumu, inaingia mu kifua ya mutoto na mu chakula."

"Miye ninazinunua bila kuchoma," Damien alisema. Florent aliona aibu, akampa zilizobaki.

Huko Ndosho, Alliance aliunganisha diski na kompyuta yake. Florent alisimama, akakataa kiti. Diski ililia kidogo, ikanyamaza, ikalia tena. Majina mengi yakatokea. Yalikuwa ya watu wa kilima chao.

"Za bantu bengine sifungui," Alliance alisema. "Wakati huu wa vita, jina ya mutu na kilima yake si bya kuonyesha kila mutu. Kila mutu apewe yake. Yenu ni gani?"

Florent alijifunza kusoma akiwa mtu mzima. Alifuata majina kwa kidole, polepole, mpaka kidole kikasimama.

"Élisée," alisoma. "Ni baba."

Hati ilifunguka. Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba la marehemu Muzee Élisée. Florent alikaa kwenye kiti, akalia mbele ya watu.

Alliance alichapisha nakala mbili. Moja alimpa Florent, nyingine ikapelekwa kwa shemeji yake Florent, mtaa wa Himbi, ili zisiwe mahali pamoja.

"Na iyi écran?" Donatille aliuliza.

"Niachie apa. Kioo ya hizi za zamani iko na madini ya risasi, ukiivunja vumbi yake ni mbaya. Ninazikusanya, kuko benye kuzichukua bila kuzivunja."

Siku hizi uji wa Charline haunuki plastiki. Watu watano wa kilima chao wamekwisha kupata hati zao kutoka kwenye diski ile. Florent akimwona jirani anauza sanduku la kompyuta, humsimamisha na kumwambia atoe diski kwanza. Asiposadikiwa, hutoa hati yake kwenye mfuko wa plastiki, akasoma jina la baba yake kwa sauti. Kisha huweka dole gumba lake juu ya alama ile. Dole lake huifunika yote, kana kwamba ni la baba mwenyewe.