Kuondoka Mlimani Bila Jiwe

Kila jioni, Yuliana akishafungia kuku na kumwogesha mtoto, alipanda kwenye kirikuu na kukaa tu. Kirikuu ni gari dogo la mizigo, na hili lilikuwa la mumewe, Gabrieli. Lilisimama nyuma ya nyumba yao, juu kidogo ya kijiji cha Mlali, mahali ambapo bustani za mboga zinaanza kupanda mlima. Yuliana alishika usukani, akatazama mbele, kisha akampigia simu mumewe, aliyekuwa kazini Kisaki.

Mara nyingi simu haikupatikana. Gabrieli alikuwa fundi wa kukarabati reli, na huko mtandao ni wa kubahatisha. Ikipatikana, waliongea haraka kabla haijakatika.

"Umekula?"

"Nimekula. Na nyie?"

"Tumekula."

Basi. Watu wawili waliooana kwa mapenzi, wanaishia kuulizana habari za ugali! Mtoto wao, Lucy, alikuwa mdogo sana baba yake alipoondoka, na likizo za baba zilikuwa chache. Siku moja Yuliana alimsikia akimwambia mwenzake, "Baba yangu anakaa ndani ya simu." Yuliana alijifanya anakohoa, akajifuta machozi kwa pindo la khanga.

Kwa nini asiende kwa basi? Alishakwenda. Kushuka mjini, kulala kwa watu, kuamkia basi la alfajiri na mtoto mgongoni. Alifika hoi, na kesho yake akageuza, maana kabichi shambani hazina mtu mwingine wa kuzimwagilia. Lakini kwa gari lao angepakia kabichi, karoti na hoho, akaziuze Kisaki ambako mboga kama hizo ni za kutafuta. Kila mavuno angemwona mumewe. Hivyo ndivyo walivyopanga siku waliponunua gari. Kilichobaki ni leseni, tena aipate kabla ya masika. Mvua zikishashika, barabara ya Kisaki inakuwa tope tupu.

Aliyemfundisha kuendesha ni shemeji yake, Yeremia, mdogo wake Gabrieli. Mambo ya sheria waliyafuata. Yeremia alikuwa na leseni. Yuliana alikuwa na leseni ya muda ya kujifunzia, na kibao cha L kilikuwa mbele na nyuma ya gari. Tatizo lilikuwa jiwe.

Kule milimani, gari likisimama kwenye mwinuko, mtu aliye karibu huokota jiwe na kuliweka nyuma ya tairi. Ni adabu, kama kumpokea mgeni mzigo. Dereva hupaza sauti, "Jiwe!" na jiwe linakuja. Akiondoka, gari haliwezi kurudi nyuma. Yeremia aliendesha hivyo miaka yote, na Yuliana akajifunza hivyo hivyo. Breki ya mkono ilikuwa imelegea siku nyingi, na hakuna aliyeona haja ya kuikaza.

Siku ya mtihani wa vitendo ikafika. Yuliana alivaa gauni lake la kanisani. Askari wa usalama barabarani alikaa pembeni yake kwenye gari la mtihani, akamzungusha mjini. Alikwenda vizuri. Alisimama kuwapisha wanafunzi kwenye kivuko cha miguu. Aliwasha indiketa kila alipokata kona. Moyoni alishaanza kupakia kabichi.

Kisha wakaingia barabara ya kupanda.

"Simama hapa, mama," alisema askari. Yuliana akasimama. "Haya, sasa ondoka."

Yuliana alitoa kichwa dirishani. "Jiwe!" aliita.

Askari akamgeukia. "Jiwe la nini?"

"La kuweka nyuma ya tairi, afande."

"Nani aliweke? Mimi?"

Yuliana alichanganyikiwa. Akatoa mguu kwenye breki, akakanyaga mafuta, akaachia klachi ghafla. Injini ikazima. Gari likaanza kurudi nyuma, na nyuma yao kulikuwa na kijana anasukuma mkokoteni wa magunia. Askari alivuta breki ya mkono kwa nguvu. Gari likasimama, na kijana wa mkokoteni akayasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

"Mama, gari unalipenda, naona," alisema askari kwa upole. "Lakini leo siwezi kukupitisha. Ungeua mtu. Nenda chuo cha udereva wakufundishe kuondoka mlimani, halafu urudi."

Jioni ile Yuliana hakupanda kwenye kirikuu. Gabrieli alipopiga simu, alimwambia tu kwamba wamekula.

Wiki iliyofuata alikwenda Mwembesongo, mjini, kwenye chuo kidogo cha udereva. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, Zawadi, aliyewahi kuendesha malori kwenda mikoani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeshindwa nini?"

Yuliana akaeleza yote, hata habari ya jiwe. Zawadi alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha kucheka.

"Nikuulize. Ukishaondoka, jiwe anabaki nalo nani?"

"Linabaki barabarani."

"Na anayekuja nyuma na pikipiki?"

Yuliana alimkumbuka Oscar, jirani yao wa bodaboda. Alivunjika mguu kwa kugonga jiwe gizani. Kijiji kizima kilimpa pole, na hakuna aliyejiuliza jiwe lilitoka wapi.

"Basi sikiliza," alisema Zawadi. Walikuwa wamekaa kwenye gari la chuo, kwenye mwinuko usio na watu. "Mkanda umefunga? Vizuri. Ukisimama mlimani, kanyaga breki, halafu vuta breki ya mkono mpaka ishike. Hilo ndilo jiwe lako. Sasa kanyaga klachi, weka gia ya kwanza. Tazama vioo. Geuza shingo utazame na pembeni, kioo hakioni kila kitu. Washa indiketa."

"Nimewasha."

"Ongeza mafuta kidogo. Kidogo! Sasa achia klachi polepole. Usiangalie miguu. Sikiliza injini."

Yuliana akasikiliza. Mngurumo ukashuka na kuwa mzito, na gari likatetemeka chini yake.

"Umesikia? Hapo gari linataka kwenda, breki ya mkono ndiyo inalizuia. Tuliza mguu hapo hapo. Tazama tena kioo. Shusha breki ya mkono."

Gari likapanda. Halikurudi hata kidogo. Yuliana alipiga kelele ya furaha, kisha injini ikazima kwa sababu alisahau miguu.

"Na likianza kurudi?" aliuliza.

"Kanyaga breki, vuta breki ya mkono, anza upya. Hakuna anayekufukuza. Akipiga honi, mwache apige, honi haisukumi gari."

Walirudia mpaka miguu ikazoea. Siku nyingine Zawadi alimwuliza jinsi anavyoshuka mlima.

"Shemeji anatoa gia, gari linateremka lenyewe. Anaokoa mafuta."

"Anaokoa mafuta, anapoteza watu," alisema Zawadi. "Kwenye mteremko weka gia ndogo. Injini inalishika gari. Ukiteremka bila gia, kazi yote inafanywa na breki. Zinapata moto, na zikipata moto hazishiki tena."

Yuliana alirudi nyumbani akamwambia Yeremia maneno hayo yote. Yeremia alinuna. Akasema yeye anaendesha tangu Yuliana hajaolewa. Lakini asubuhi Yuliana alimkuta amelipeleka gari kwa fundi, breki ya mkono inakazwa na matairi yanakaguliwa. Yuliana hakumsema, na Yeremia hakujisifu.

Mtihani wa pili ulikuwa na askari yule yule.

"Simama hapa, mama."

Ulikuwa mwinuko ule ule. Yuliana akavuta breki ya mkono. Nyuma akasimama mtu wa pikipiki, akaanza kupiga honi. Akilini Yuliana akamwona Lucy na ile simu sikioni. Akavuta pumzi. Gia. Vioo. Shingo. Indiketa. Honi ikapigwa tena, na yeye akangoja mpaka injini ikawa nzito chini ya kiti. Akashusha breki ya mkono, na gari likapanda.

Waliporudi, askari alimgeukia. "Umefaulu, mama. Lakini usiendeshe peke yako mpaka leseni yenyewe iwe mkononi."

Akangoja. Huko kungoja ndiko kulikomtesa kuliko mtihani, maana mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Uluguru. Leseni ilipotoka, alipakia mboga, akakagua breki, taa na matairi, akamfunga Lucy mkanda. Yeremia alipanda naye, akakaa upande wa mlango wa pili kuwasindikiza. Yuliana hakumwambia Gabrieli kwamba wanakuja. Aliogopa kuahidi.

Walifika Kisaki mchana wenye joto. Yeremia alimchukua Lucy kwenda kumtafutia maji ya kunywa. Yuliana alibaki kwenye kiti cha dereva, karibu na reli, miguu imekufa ganzi.

Mafundi walikuwa wanarudi kula. Mmoja wao alisimama ghafla, akalitazama kirikuu, akaanza kukimbia. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa zimeanza mvi pembeni, jambo ambalo simu haikuwahi kumwambia Yuliana. Alifika dirishani akihema.

"Yeremia! Kuna nini nyumbani?"

Kisha akaona ni nani. Alishika mlango kwa mikono miwili yenye grisi.

"Yuliana? Nani kakuleta?"

"Nimejileta."

Njia nzima Yuliana alikuwa amejipangia maneno mazuri ya kumwambia, na yote yalikuwa yamemtoka.

"Sogea nishuke," alisema huku akilia. "Nimekukumbuka mpaka nimechoka."