Kinusauongo cha Chausiku

Kinusauongo kilinusa kiganja cha jaji, kikawaka taa nyekundu, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dakta Mwinyikai alikuwa amedai hajawahi kusinzia kazini.

"Mashine hii husoma jasho," Chausiku akaeleza. "Mtu akidanganya hutoa harufu ambayo pua zetu haziipati. Kijani ni kweli, nyekundu ni uongo."

Majaji wakaridhika. Hawakujua kwamba chombo kile kilizaliwa na chuki. Mwaka uliopita, kwenye jukwaa hilo hilo la mashindano ya sayansi ya Tabora, Deogratias wa darasani kwake aliwasilisha mpango wa jaribio la Chausiku neno kwa neno, akajinyakulia nafasi ya kusoma Mwezini. Chausiku akabaki anauma vidole. Dawa ya moto ni moto, na wa kwake aliuchochea taratibu mwaka mzima.

"Sasa jaribio lenyewe. Deo, karibu."

Deo, aliyekuwa amerudi likizo, akapanda akitabasamu. Lile tabasamu Chausiku alitamani kulifuta kwa kofi.

"Deo, uliiba mpango wangu?"

"Sikuiba. Nililetewa, nikakosa haya ya kuukataa."

Kijani.

Chausiku akaigonga mashine kwa kidole. Haiwezekani! Lakini jaribio halikamiliki bila mtu wa kulinganishia, asiyehusika kabisa, anayeulizwa swali lile lile. Huyo alikwisha kumchagua, mtu pekee aliyemwamini duniani.

"Mama, njoo uweke mkono."

"Mimi niache, mwanangu."

"Mara moja tu, mama. Uliiba mpango wangu?"

"Sikuiba."

Nyekundu.

Mama hakuuondoa mkono wake.

"Sina mtoto mwingine," alisema kwa sauti ya chini. "Wanaokwenda huko juu hurudi kutusalimia tu. Nikauchukua, nikampelekea mwenzio."

Taa ikageuka kijani.

Dakta Mwinyikai akakohoa. "Binti, tunaweza kuishia hapo. Umeshinda."

Mwaka mzima Chausiku aliota kumwona mwizi wake akiumbuka mbele za watu. Sasa alikuwa anamwona, amevaa kanga aliyomnunulia yeye mwenyewe kwa ajili ya siku hii. Hasira haikupungua hata chembe.

"Hapana, Dakta. Jaribio hurudiwa mara tatu," alisema, machozi yakimtiririka. "Mama, uliiba mpango wangu?"

"Niliiba."

Kijani.

Chausiku akafuta uso kwa kiganja, akamwuliza tena.