Mkanda wa Cherehani

Kila siku nikitoka shule nilimkuta mama mdogo sebuleni, miguu ikikanyaga cherehani, pini zimebanwa mdomoni. Nilivua viatu, nikachukua mkasi mdogo na kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye nguo alizomaliza. Alikuwa mke wa baba mdogo, na tuliishi nyumba moja pamoja na bibi, mama yake baba. Mama mdogo aliniita Kiherehere, kwa sababu sikuweza kuona jambo nikaliacha lipite.

Ndoa yao ilikuwa na miaka saba, na hawakuwa na mtoto. Bibi hakumpa mama mdogo nafasi ya kupumua. Kwanza alisema ni baridi ya sakafu, akamkataza kukaa chini. Kisha akasema ni mawazo mengi. Kila mwezi alimletea mizizi mipya ya kuchemsha, na mama mdogo aliinywa huku ameziba pua, halafu akaenda kutapika uani.

Siku moja tukila, bibi akaja na jipya. "Ni hiyo cherehani," alimwambia baba mdogo. "Mchana kutwa anakanyaga, anakanyaga! Kizazi kitatulia saa ngapi? Shule zikifungwa bila habari njema, mkeo arudi kwao."

Baba mdogo alitazama sahani yake. Alikuwa fundi bomba, mwenye maneno mengi huko kazini kwake, lakini mbele ya mama yake ulimi ulikuwa mzito.

Mimi nilishikwa na hofu. Asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilivua mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu la cherehani, nikauficha chini ya madaftari yangu ya zamani. Asipokanyaga atapata mtoto, niliwaza, na hatafukuzwa. Nilijiona mjanja kupindukia.

Mama mdogo aliutafuta mkanda mpaka akachoka, akafunga kamba badala yake. Kamba ikawa inateleza kila mara, na mishono ikaenda upogo. Jumamosi akaja nesi wa zahanati kuchukua gauni zake mbili za kazi. Alizigeuza, akaona pindo limepinda.

"Fundi, hizi umeshona umefumba macho?"

"Nisamehe, dada. Mkanda umepotea."

"Mtoto hana, na mkanda nao umemshinda kutunza!" bibi akadakia kutoka jikoni.

Mama mdogo aliinamisha uso. Aibu ilinichoma. Nilikimbia chumbani, nikauleta mkanda huku nalia. "Ni mimi niliuficha. Bibi alisema kukanyaga kunazuia mtoto. Sikutaka mama mdogo afukuzwe."

Nesi hakucheka. "Kukanyaga cherehani hakuzuii mimba," alisema. "Wala sakafu ya baridi haizuii. Mbona naona aliyechunguzwa hapa ni cherehani tu?"

"Mimi nimepimwa mara tatu," mama mdogo akajibu. "Waliniambia niko sawa, nije na mume wangu." Alimtazama baba mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Yeye anasema mwanaume mzima hapimwi."

"Anapimwa, tena vizuri," nesi akasema. "Mtoto hutokana na watu wawili. Tatizo linaweza kuwa kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili. Kuwa na misuli hakutuambii lolote. Shemeji, Jumatatu nakusubiri."

Baba mdogo alikwenda. Siku mbili kabla ya shule kufungwa, alimwita bibi sebuleni. "Mama, mbegu zangu ni chache. Tatizo ni langu. Daktari anasema yapo matibabu ya kujaribu, ila haahidi kitu."

"Wamekosea!"

"Wamenipima mara mbili, mama."

Bibi aliinuka, akasema sufuria inaungua. Jikoni hapakuwa na sufuria motoni.

Tangu hapo hakuna aliyetaja tena habari ya kumrudisha mama mdogo kwao. Hakuna aliyemwambia pole pia, na hilo liliniuma sana.

"Umefurahi?" nilimuuliza.

"Nimebaki. Kufurahi bado," alijibu. "Miaka saba nimekunywa machungu kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Simlaumu baba yako mdogo kwa mbegu chache, hilo hakulichagua. Namlaumu kwa kuwa alijua pa kwenda kuuliza, akaniacha nitukanwe."

"Na mimi, je?"

"Wewe ulinitakia mema. Lakini uliamini bila kuuliza, kisha ukanyamaza wakati mimi nasemwa. Wakubwa wa nyumba hii walifanya hivyo hivyo. Usikue ukawa kama wao. Jambo la mwili likikutatiza, muulize aliyelisomea. Na kabla hujajua ukweli, usimtwike mtu lawama."

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nimekusamehe," alisema. "Katika nyumba hii, wewe ndiye wa kwanza kuniomba msamaha."