Minazi ya Mama Niliyoiweka Rehani

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na miwili, ni karani wa ghala hapa Lindi, na nimepanga chumba Mtanda. Nayaandika haya nikilia. Msinicheke...

Baba alipofariki kule Mchinga alimwachia mama minazi kumi na minane. Kwa nazi hizo mama alinilipia ada ya skuli mpaka nikamaliza. Na skuli nilikuwa hodari! Tangi lenye matundu mawili litajaa kwa saa ngapi? Nilijua. Mito ya Uingereza? Niliitaja yote. Lakini rehani ni kitu gani, hakuna mwalimu aliyetufundisha hata siku moja.

Nilipotaka kuoa, niliona haya, karani mzima kufanya harusi ya kimyakimya. Nilitaka ngoma, nilitaka pilau ya kushibisha Mchinga nzima! Nikamwomba mama tuiweke minazi yake rehani kwa Mzee Athumani, mwenye duka pale kijijini, anikopeshe shilingi mia tatu. Yeye angeangua nazi mpaka nimlipe.

Mama aliniuliza jambo moja tu. "Mwanangu, hizo nazi atakazoangua, zinapunguza deni?"

"Mama, karatasi nimeisoma mwenyewe," nikamjibu kwa kiburi. "Kwani ulinipeleka skuli bure?"

Akatia dole gumba kwenye karatasi.

Niliisoma kweli, tena kwa sauti, mbele ya mashahidi. Lakini sikuielewa! Nilidhani kila nazi inayoanguliwa inapunguza deni. Basi mshahara nikaumalizia kwenye kanzu, baiskeli na wageni, sikupeleka hata senti. Baada ya miaka mitatu nikaenda kuidai minazi. Mzee Athumani akanifungulia karatasi ile ile, kwa upole kabisa. Nazi zote zilikuwa faida yake. Deni lilikuwa mia tatu vile vile...

Sikuwa na kitu mfukoni. Na mama je? Asubuhi moja aliokota nazi iliyoanguka yenyewe nyuma ya jiko lake. Mkwezi wa Mzee Athumani akamwona. Mama yangu akapelekwa kwa jumbe, akaulizwa mbele za watu kwa nini ameiba! Nazi ya mnazi alioupanda yeye na baba! Akairudisha, akaomba radhi. Mimi hakunitaja kwa ubaya. Aliwaambia tu, "Mwanangu ana shughuli nyingi mjini, atakuja kulipa."

Hakuumaliza mwaka ule. Siku ya hitima yake zilitakiwa nazi za kupikia wali. Nilikwenda mwenyewe dukani kwa Mzee Athumani, nikanunua kumi, nikazibeba nikipita chini ya minazi ile ile zilikotoka. Moyo ulinipasuka!

Ndugu zangu, nawasihi, msitie sahihi kwa kuona haya kuuliza. Na walimu, hayo matangi yapunguzeni kidogo. Wafundisheni watoto mkopo ni nini, rehani ni nini, mshahara unatunzwaje.

Minazi bado iko kwa Mzee Athumani. Kila mwezi napeleka shilingi kumi, na kila nikifika kijijini nasikia wakwezi wanaangua nyuma ya jiko la mama.