Nilivyolifagia Shamba la Bi Kakao

Nafuga ng'ombe watatu wa maziwa nyuma ya nyumba yetu. Watu huniita Mama Maziwa. Mume wangu ni fundi mwashi. Tuna binti mmoja wa miaka minane.

Kila siku naamka kabla ya jua. Nakamua, nachuja, nawagawia wateja wangu. Kisha naosha banda. Jioni naosha tena. Ndoo kumi na mbili asubuhi, ndoo kumi na mbili jioni, mpaka sakafu ya saruji inang'aa. Ukitaka kunifurahisha, sifia sakafu yangu. Ukitaka ugomvi, sema umeona nzi kwenye maziwa yangu.

Maji yale machafu yalitokea kwenye tundu la ukutani, yakaenda nyuma ya banda. Yakishafika huko, mimi sikuwa na habari nayo. Mgeni gani anakwenda kutazama nyuma ya banda?

Mwaka huo, mvua zilipoanza, visubi walituandama. Kisubi ni mdogo sana, kama chembe ya pilipili manga iliyosagwa. Humwoni akija. Unashtukia ameshakuuma, na pale alipouma panawasha kama moto. Walikuja jua likianza kuzama na walikuja alfajiri. Chandarua hakikuwazuia, walipenya kwenye matundu yake.

Binti yangu alijikuna mpaka miguu ikatoka vidonda. Siku moja alirudi kutoka shule kabla ya wakati, macho mekundu.

"Mwalimu kasema nina upele," alisema. "Kasema nikae peke yangu mpaka nipone. Wenzangu wamecheka. Wamesema kwetu hatuogi."

Kwetu hatuogi! Mimi, Mama Maziwa! Nilihisi mtaa mzima unanitazama. Kesho yake nilipopeleka maziwa, nilijifunika khanga mpaka mikononi ili wateja wasione nilivyoumwa.

Mtu mwenye aibu hutafuta wa kumtwisha. Mimi sikutafuta mbali. Jirani yetu ni mjane, tunamwita Bi Kakao. Ana miti sitini ya kakao, na kakao hiyo ndiyo inayomlisha tangu mumewe afariki. Chini ya miti yake kulikuwa na majani yaliyooza, maganda ya kakao yaliyooza, na vigogo vya migomba vilivyooza. Kwangu mimi lile lilikuwa jalala.

Nilimwita kwenye ua.

"Jirani, hayo mauozo yako yanatuzalia visubi. Mtoto wangu amefukuzwa darasani."

"Pole, mama. Lakini mauozo hayo siyagusi."

"Huyagusi kwa nini?"

"Marehemu ndiye aliyeyaweka. Alisema kakao inayapenda. Sababu hakuniambia, na mimi sikuuliza. Lakini miti inazaa."

"Basi kakao ishibe, na sisi tuliwe!"

Alicheka. Mimi sikucheka.

Wiki mbili baadaye, binti yake alijifungua katika mji mwingine, naye akaenda kumwona mjukuu. Alipoondoka tu, nilichukua fagio, reki na kiberiti.

Mume wangu alinishika mkono. "Mke wangu, shamba la mtu halifagiliwi bila hodi."

"Namsaidia. Atarudi akute pasafi, atanishukuru."

"Na akikasirika?"

"Nani anakasirikia usafi?"

Alinisaidia huku akinung'unika. Tulipita kwenye upenyo wa ua. Tulifagia kila jani. Tulivuta vigogo vyote vya migomba tukavichoma moto. Bado nilikuwa na dawa ya kupe kwenye bomba, ile ninayowanyunyizia ng'ombe. Nikanyunyiza ardhi yote. Nikanyunyiza na mashina ya miti, na vile viua vyeupe vinavyoota kwenye shina. Nilipomaliza nilishika kiuno nikalitazama shamba. Nasema kweli, nilijisikia mtu mwema.

Bi Kakao alirudi baada ya siku nane. Alitukaribisha chai, mimi na mume wangu, akatusimulia habari za mjukuu kwa furaha. Kisha akaweka kikombe chini.

"Jirani, nani amefagia shamba langu?"

Hapo ndipo ningesema. Sentensi moja tu. Lakini uso wake haukuwa wa mtu anayetaka kushukuru, na mimi nikaogopa.

"Sijui," nilijibu kwa macho makavu. "Labda watu wa afya. Nilisikia walipita mtaani."

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu. Alitazama chini na hakugusa tena chai yake.

Mwezi ukapita. Na visubi? Hawakupungua hata mmoja! Ng'ombe walikuwa wakipiga miguu nikiwakamua, wakitikisa masikio na mikia, na maziwa yakapungua. Upande wa pili wa ua, viua vya kakao vilichanua na kudondoka. Havikuacha tunda.

"Miti imezeeka," Bi Kakao aliniambia siku moja. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeongea na mwenye msumeno. Atakuja Jumamosi aikate yote. Nitapanda mahindi, Mungu atajua."

Nilimpa pole. Wakati ule sikujua kwamba natoa pole kwa jambo nililolifanya mwenyewe.

Alhamisi nilimwita daktari wa mifugo. Ni msichana mwenye buti za mpira na maneno machache. Aliwapima ng'ombe, akatazama ngozi zao, akatazama na mikono yangu.

"Hawa ni visubi," alisema. "Maji ya kuoshea banda yanakwenda wapi?"

"Nyuma."

"Twende nyuma."

"Daktari, nyuma ni pachafu."

"Ndiyo maana tunakwenda."

Kulikuwa na tope jeusi, pana kama chumba, limechanganyika na samadi. Halikauki, maana kila siku nalimwagia ndoo ishirini na nne. Daktari alichota tope kidogo akalitia kwenye beseni jeupe. Akaniomba maji yenye chumvi nyingi, akayamimina, akakoroga.

"Subiri kidogo. Tope litatuama, wadudu wataelea."

Nikainama. Juu ya maji yale palielea vijidudu vyeupe, vyembamba kama uzi wa kushonea, laini, vingine vikijinyonganyonga. Vilikuwa vingi hata sikuweza kuvihesabu.

"Hayo ni mabuu ya visubi," alisema. "Jike hutaga mayai kwenye tope lenye unyevu na samadi. Mabuu yanakula humo humo uozo na vijidudu vidogo zaidi. Baada ya wiki chache yanageuka kuwa visubi wenye mabawa. Dume haumi, yeye hunywa maji matamu ya maua. Jike ndiye anayeuma, maana anahitaji damu ili mayai yakomae."

"Kwa hiyo wanatoka kwangu?"

"Kwako, mama. Kisubi ni mdogo, upepo humshinda. Wengi hawaendi mbali na walikozaliwa."

Uso uliniwaka. Nyani haoni kundule! Miaka yote nasugua sakafu, kumbe nalisha tope. Nilijitetea kama mtoto.

"Lakini daktari, jirani naye alikuwa na vigogo vimeoza. Si huko pia wanazaliwa?"

"Alikuwa?"

Nilitangulia mbele. Tulikwenda kwenye ua. Nyuma ya choo cha Bi Kakao kulikuwa na kipande kimoja cha kigogo ambacho sikukiona siku ile. Kilikuwa karibu na ule upenyo wa ua. Daktari alikivuta, akakipasua, akanipa kioo chake cha kukuzia.

"Tazama. Haya yanafanana na yale ya kwako?"

Hayakufanana. Haya yalikuwa mafupi, yenye vinywele mgongoni, yakitambaa polepole.

"Sisemi kwamba kigogo kilichooza hakiwezi kuzaa kisubi anayeuma watu," alisema. "Lakini hawa ni wa ukoo mmoja na visubi wako, na kazi yao ni nyingine. Hawana haja na damu yako. Umewahi kutazama ua la kakao?"

"Ni dogo."

"Dogo, na njia yake ya ndani ni finyu. Nyuki ni mkubwa mno kuingia vizuri. Vijidudu hivi, vikishaota mabawa, ndivyo vinavyoingia. Vinatoka na chavua, ule unga wa ua, vinaupeleka kwenye ua la mti mwingine. Hapo tunda linafunga. Ua lisipopata chavua linadondoka baada ya siku moja au mbili. Hakuna vijidudu hivi, hakuna kakao."

"Na vinazaliwa..."

"Kwenye majani na vigogo vilivyooza chini ya miti. Mwenye shamba hili anajua kazi yake."

Moto, fagio, bomba la dawa, vyote vilinirudia. Miti sitini ilikuwa inakatwa Jumamosi kwa sababu yangu, na mwenye miti alikuwa anailaumu miti.

Ijumaa nzima nilizunguka. Nilisema nitakwenda nikimaliza kukamua. Nilipomaliza nikasema nitakwenda nikishaosha banda. Nilimwona Bi Kakao akipita na kumwagilia miche yake ya mboga, nikajificha nyuma ya mlango. Mtu mzima, nimejificha nyuma ya mlango! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka.

"Nimwambie mimi?" aliuliza mume wangu.

"Ukimwambia wewe, nitakuwa nimedanganya mara mbili."

Jumamosi asubuhi nilisikia msumeno ukiwashwa. Nilikimbia na ndala mguu mmoja. Safari hii nilipita mlangoni.

"Hodi! Msikate! Zimeni!"

Mwenye msumeno alizima. Bi Kakao alikuwa amesimama kando ya mti wa kwanza, kiganja chake juu ya shina.

"Miti haijazeeka," nilisema. Nilikuwa nahema. "Ni mimi niliyefagia. Nilichoma vigogo vyako, nikapiga dawa. Nimewaua wadudu wanaofanya kakao izae. Na visubi wanatoka kwangu, kwenye tope langu. Watu wa afya hawakupita."

Aliondoa kiganja chake kwenye shina.

"Nilikunywesha chai," alisema taratibu. "Nilikusimulia mjukuu wangu. Ukanitazama usoni ukaniambia watu wa afya."

"Ndiyo."

"Ningeikata. Miti aliyoipanda marehemu, ningeikata."

"Ndiyo, dada yangu. Nisamehe."

Alimgeukia mwenye msumeno akamwambia aende. Kisha akaniambia na mimi. "Nenda nyumbani. Leo sitaki kukuona."

Nilikwenda. Machozi yangu hayakuwa na haki ya kumsumbua.

Tulianza na kwetu. Mume wangu alijenga mfereji wa saruji wenye mteremko, ukapeleka maji kwenye shimo lenye mfuniko. Tope tulilichota lote tukalianika juani, likakauka. Sasa samadi naizoa kwa sepeto kwanza, nafunika rundo lake kwa turubai, na kuosha naosha kwa ndoo nne. Ng'ombe wanaingia ndani kabla jua halijashuka. Binti yetu anavaa suruali ndefu jioni, na dirisha lake tumeliwekea kitambaa chepesi chenye matundu madogo sana. Tukipata umeme tunawasha feni, maana kisubi hawezi kupigana na upepo. Baada ya wiki chache, miguu ya mtoto ilianza kupona. Nilikwenda shuleni nikamweleza mwalimu, naye akamrudisha kwenye dawati lake.

Halafu nikaanza kubeba vigogo. Nilikata migomba iliyokwisha kuzaa kwa kila mteja aliyekubali, nikaviweka vigogo vyake mlangoni kwa Bi Kakao. Wiki ya kwanza aliviingiza bila kunisemesha. Wiki ya pili alisema, "Vikate vipande vifupi, vioze upesi." Wiki ya tatu alinifungulia mlango.

Maua ya msimu uliofuata yalipochanua, tulikuwa tunainama pamoja alfajiri kuyatazama. Tunda la kwanza lilikuwa dogo kama kidole cha mtoto. Bi Kakao aliligusa kwa kucha, akalia. Miezi mitano baadaye miti yake ilikuwa na matunda kuanzia chini ya shina hadi kwenye matawi.

Daktari wa mifugo alileta wakulima ishirini waje kujifunza. Bi Kakao aliwatembeza. Aliwaonyesha vigogo, akawaeleza kuhusu vile vijidudu vyenye vinywele.

"Mwaka jana sikupata kitu," alisema. "Mtu alifagia akachoma kila kitu, akapiga na dawa."

Hakutaja jina. Hata hakunitazama. Mkulima mmoja mwenye kofia alicheka kwa nguvu.

"Lo! Mjinga gani huyo?"

Wote walicheka. Nilikuwa nimesimama nyuma yao na birika la maziwa, nimekuja kuwakirimu wageni. Ningenyamaza, yangeisha.

"Ni mimi," nilisema.

Kicheko kilikatika. Mwenye kofia alitazama viatu vyake. Nilisikia joto la aibu likipanda shingoni, lile lile la mwaka jana, lakini safari hii sikuangalia pembeni.

Bi Kakao alichukua birika mikononi mwangu, akaanza kuwamiminia wageni. "Muulizeni yeye," alisema. "Tope lake analijua vizuri kuliko mimi."