Siku Nne za Uongo

Kila asubuhi Kidoti aliamka kabla ya baba yake, akachemsha chai, akafagia chumba, ndipo akavaa sare ya shule. Baba alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Mama aliishi mtaa wa pili na kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya nyumba ya wageni. Walipoachana, kila mmoja alibaki na mtoto mmoja: Kidoti, mwenye miaka kumi na miwili, kwa baba, mdogo wake wa miaka saba kwa mama.

Baba aliona wamelingana, hakuna wa kumdai mwenzake. Afisa wa ustawi wa jamii hakuona hivyo. Alikuta kipato cha baba ni mara tatu ya kile cha mama, akaamua kwamba kila mwezi baba atoe fedha za matunzo ya yule mdogo. Baba alitoa miezi mitano, shingo upande. Mwezi wa sita kazi ilipopungua gereji, akaomba shauri lisikilizwe upya, kisha akamweka Kidoti kitako.

"Mwanangu, kesho utaulizwa mdogo wako analala wapi," alisema. "Sema analala kwetu siku nne kila wiki. Ukisema hivyo tutapumua."

Kidoti alijua fika kwamba mdogo wake alilala kwao Jumamosi tu, tena si zote. Lakini uso wa baba ulikuwa umechoka, akamhurumia. Kesho yake ofisini alisema alivyofundishwa, macho sakafuni. Mama alikana, ila afisa aliliamini neno la mtoto. Matunzo yakapunguzwa hadi robo. Mama alimtazama binti yake, hakumkaripia.

Wiki tatu baadaye, Kidoti alitoka shule akapitia kwa mama. Alikuta mlango umetiwa kufuli kwa nje, na ndani mdogo wake anapiga mayowe. Mama hakuwa tena na cha kumlipa jirani aliyekuwa akimwangalia mtoto, kwa hiyo alipokwenda kazini alimfungia. Siku hiyo njaa ilimzidi mtoto, akawasha jiko kupasha uji, sufuria ikampindukia. Yule jirani alivunja kufuli kwa shoka, wakamkimbiza zahanati. Ngozi ya mkono wa kulia ilikuwa imebambuka kutoka kiwiko hadi vidoleni.

Mama alifika akihema, mikono bado ina povu la sabuni. Kidoti alimpisha kando ya kitanda. Mdogo wake akamwuliza kwa sauti ndogo, "Dada, nilimsikia mama akimwambia jirani eti mimi nalala kwenu siku nne? Mbona sikumbuki?"

Kulipokucha, Kidoti hakwenda shule kwanza. Alikwenda peke yake kwa afisa, akasimama mbele ya meza yake.

"Nilidanganya," alisema. "Analala kwetu siku moja tu, na wiki nyingine haji kabisa."

Afisa aliwaita wazazi wote wawili. Matunzo yakarudi kama awali, pamoja na yale yaliyokatwa, na jirani akaanza tena kumwangalia mtoto.

Siku mbili baba hakumsemesha Kidoti. Siku ya tatu alikwenda zahanati, akakuta mwanawe anabadilishwa bandeji. Alirudi nyumbani, akamwita Kidoti.

"Nilikuona umenisaliti," alisema. "Leo nimemshika mwanangu akilia, nikajua aliyesaliti ni mimi. Niliwagawa kama vyombo, huyu wangu, yule wa mama yake, na kumbe nyote ni wangu. Mtu mzima akikutuma kusema uongo, hata awe mimi, kataa. Tulidhani tunamdanganya afisa, lakini aliyeumia ni mtoto asiyejua lolote."

Vidole viwili vya mkono ulioungua havikunyooka tena. Kila siku baada ya masomo, Kidoti alikwenda kwa mama, akaketi na mdogo wake, akamfundisha kuandika kwa mkono wa kushoto.